Mbegu ya Muhogo Isiyo Kijiti: Kutoka Amani hadi Teso

Ukimwomba mkulima wa Muheza akupe mbegu ya muhogo, atachukua panga, aende shambani, akurudie na mzigo wa fimbo. Atakuonyesha namna ya kuzikata vipande vya kama shubiri moja, macho yakitazama juu, nawe utaondoka ukijua kwamba umepewa mbegu. Kwetu Teso, mashariki mwa Uganda, lugha ni nyingine lakini mambo ni yaleyale: kupanda muhogo ni kupanda kijiti. Neno "mbegu" katika Kiswahili cha mashambani limehama kutoka kwenye punje likahamia kwenye shina, na limekaa huko kwa raha hata wengi wetu tumesahau kwamba muhogo una mbegu yake halisi.

Unayo. Aina nyingi za muhogo zikiachwa zikomae hutoa maua madogo yasiyovutia macho, kisha matunda ya mviringo yenye mbavu sita nyembamba, ukubwa wa njugumawe hivi. Ndani ya tunda mna vyumba vitatu, na katika kila chumba mbegu moja ya kijivu yenye madoadoa, inayofanana na mbegu ya nyonyo, kwa kuwa mimea hiyo miwili ni ya ukoo mmoja. Tunda likikauka hupasuka na kurusha mbegu zake mbali. Watoto wanaochunga mbuzi kandokando ya mashamba wanazijua. Wakubwa hawazijali, kwa sababu hazina kazi.

Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba zimekuwa na kazi kubwa. Katika somo letu la historia ya kilimo cha Afrika Mashariki tulifundishwa kwamba muhogo ulitoka Amerika, ukaletwa na Wareno, ukaenea bara kwa misafara ya biashara, kisha serikali za kikoloni zikawalazimisha watu kuupanda kama akiba ya njaa. Yote hayo ni kweli. Lakini ni historia ya kijiti tu. Kwa miaka mia moja na zaidi iliyopita, muhogo wetu umekuwa na historia mbili zinazokwenda njia tofauti: maradhi yamesafiri ndani ya kijiti, na kinga ya maradhi imesafiri ndani ya mbegu. Anayefuata njia ya kwanza peke yake hataelewa kwa nini tunaendelea kula muhogo.

Kwanza lazima tuelewe kwa nini wakulima walichagua kijiti, maana hawakuwa wajinga. Kijiti ni mwaminifu. Shina ulilolikata kutoka kwenye muhogo mtamu litakuzalia muhogo mtamu. La muhogo mchungu litakuzalia mchungu. Mche wa kijiti ni mama yuleyule aliyesimama mahali pengine. Mbegu haina uaminifu huo. Ni mtoto wa baba na mama, na kwa kuwa muhogo umebeba ndani yake mchanganyiko mwingi wa wazazi wa kale, mbegu tatu za tunda moja hutoa mihogo mitatu isiyofanana: mmoja mrefu, mmoja mfupi wenye matawi mengi, wa tatu una mizizi myembamba kama kamba. Isitoshe, mche wa mbegu huanza mdogo na dhaifu, ilhali kijiti huanza maisha kikiwa na chakula chake ndani ya shina. Mtu mwenye watoto wa kulisha mwaka huu hawezi kucheza bahati nasibu na shamba lake.

Uaminifu huohuo ndio uliokuwa mtego. Kijiti kinachokumbuka utamu wa mama yake kinakumbuka pia ugonjwa wake. Virusi vikishaingia kwenye shina, kila kipande kinachokatwa hapo kina virusi, na jirani anayeomba mbegu anapewa zawadi na ugonjwa kwa mkono mmoja.

Ugonjwa wa kwanza kuandikwa ni ule ambao Watanzania huuita batobato. Mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Warburg, aliueleza mwaka 1894 kutokana na mihogo ya Usambara: majani hupata mabaka ya manjano na kijani kibichi, hujikunja, hupungua ukubwa, na mizizi chini hukonda. Katika miaka ya 1920 na 1930 batobato ilikuwa imeenea sehemu nyingi za Afrika, Uganda ikiwemo. Mwaka 1936 H. H. Storey, mtafiti Mwingereza aliyekuwa Amani, akaeleza ugonjwa wa pili, michirizi ya kahawia. Huu ni mwovu kwa namna nyingine. Majani yanaweza kuonekana karibu salama, mkulima akapita shambani akiridhika, lakini siku ya kung'oa anakuta ndani ya mzizi mabaka makavu ya kahawia kama kizibo cha chupa. Hakuna cha kula wala cha kuuza. Storey na mwenzake R. F. W. Nichols walichapisha mwaka 1938 uchunguzi wao ulioonyesha kwamba batobato hubebwa na inzi weupe, wadudu wadogo wanaokaa upande wa chini wa majani.

Amani yenyewe inahitaji maelezo mafupi. Ni mahali penye misitu na baridi katika milima ya Usambara Mashariki, juu ya Muheza, ambapo Wajerumani walianzisha mwaka 1902 taasisi ya utafiti wa viumbe na kilimo. Walipanda humo mimea ya kila pembe ya dunia ili waone upi ungewaletea fedha. Waingereza walipoitwaa Tanganyika waliifufua taasisi hiyo katika miaka ya 1920 ili ihudumie makoloni yao ya Afrika Mashariki, ikiwemo nchi yangu. Mazao yaliyopendelewa na wakubwa hao yalikuwa ya kuuza nje. Muhogo ulikuwa chakula cha Mwafrika, na serikali iliutazama hasa kama dawa ya njaa, kwa sababu njaa ilileta gharama na fujo. Hata hivyo dawa ya njaa ikiugua, serikali pia hupata wasiwasi. Ndipo katika nusu ya pili ya miaka ya 1930 Storey na Nichols wakaanza kutafuta muhogo usiougua.

Walianza kwa njia rahisi, kukusanya aina za muhogo kutoka nchi nyingi na kuzipanda pamoja mahali penye ugonjwa. Zote ziliugua, ingawa baadhi zilivumilia kuliko nyingine. Kijiti hakikuwa na jibu, kwa sababu kijiti hakiwezi kutoa kitu ambacho mama yake hana. Ikabidi waende kwenye mbegu.

Kazi ya mbegu ya muhogo inataka subira ambayo ni vigumu kuipima kwa kusoma makala tu. Maua ya kike na ya kiume hukaa kwenye kikonyo kimoja, lakini ya kike hufunguka kwanza na ya kiume hufuata siku nyingi baadaye. Anayetaka kujua baba wa mbegu lazima alifunike ua la kike kwa kifuko kabla halijafunguka, alete chavua ya ua la kiume la mmea aliouchagua, aipake, afunike tena, na kufunga lebo. Kisha husubiri kama miezi mitatu tunda likomae, na lazima alivike kifuko tena, kwani likipasuka bila kifuko kazi yote imerushwa majanini. Na baada ya jasho hilo lote, tunda moja halizidi mbegu tatu.

Mbegu hizo nazo zina tabia zake. Zikiwa mpya huwa zimelala. Huota vizuri zaidi baada ya kukaa miezi michache. Zinapenda joto. Mimi si mwanafunzi wa kilimo, lakini nilitaka kujua kazi ninayoiandika ni kazi ya namna gani, basi nilipokuwa likizo niliokota mbegu kwenye muhogo mkongwe nyuma ya nyumba yetu na kuzipanda 30 katika makopo. Kwa wiki mbili sikuona kitu. Katika wiki ya tatu, baada ya kuyahamishia makopo kwenye bati lenye jua, zilitokeza 11. Mama alizitazama akaniuliza kama nimekosa vijiti vya kupanda. Nilipomwambia kwamba kila mmoja wa hiyo miche ni muhogo ambao haujawahi kuwepo duniani, alicheka, lakini nilimwona jioni akiinama tena kwenye makopo. Na kweli, ilipofika urefu wa kiganja tayari ilikuwa imeanza kutofautiana: vikonyo vyekundu hapa, vya kijani pale.

Amani walifanya hivyo kwa maelfu. Miche ilihamishiwa shambani, ikapandwa karibu na mihogo inayougua ili inzi weupe wafanye kazi yao. Ule uliougua uling'olewa. Uliobaki ulichimbwa na kutazamwa mizizi, ukakatwa vijiti vichache vilivyopatikana, vikapandwa tena msimu uliofuata, na uchunguzi ukaanza upya. Kutoka katika mamia ya watoto wa familia moja, pengine mmoja au wawili walistahili kupewa namba. Hapa kijiti kilirudi kazini: mbegu ilileta mpya, kijiti kikaihifadhi kama ilivyo.

Lakini muhogo kwa muhogo haukutosha. Kinga iliyohitajika ilipatikana kwa jamaa wa muhogo ambao hawaliwi mizizi yao, na mashuhuri kati yao alikuwa tayari Tanga, ameletwa kwa sababu nyingine kabisa. Huyo ni mti wa mpira wa Ceara, ambao wataalamu huuita Manihot glaziovii. Wajerumani walikuwa wameupanda kwa wingi katika mashamba makubwa ya Tanga na kwingineko ili wavune utomvu wake. Mwaka 1913 bei ya mpira ilianguka, kwa kuwa mpira wa Asia ulikuwa bora na wa bei nafuu, na mashamba hayo yakafa. Miti ikabaki. Wenyeji waliipatia kazi: majani yake hupikwa, na mpaka leo watu wa Tanga na Unguja wanakijua kisamvu cha mpira, tofauti na kisamvu cha muhogo. Kwa maoni yangu hii ni sehemu nzuri kuliko zote katika historia hii. Mti ulioshindwa kuwatajirisha walowezi ukaishia jikoni, na kutoka vichakani ukaitwa na watafiti waliohitaji damu ngeni.

Nichols na wenzake walichavusha muhogo kwa mpira na mpira kwa muhogo. Machotara wa kizazi cha kwanza walikuwa na nguvu dhidi ya ugonjwa, lakini mizizi yao haikufaa kitu. Walikuwa miti zaidi kuliko chakula. Ikabidi chotara arudishwe kwa muhogo, watoto wao wachunguzwe, aliyebaki na kinga arudishwe tena kwa muhogo, na kisha mara ya tatu. Kila mara ilikuwa mbegu mpya, kitalu kipya, mwaka au miaka mipya. Nichols aliandika maendeleo ya kazi hiyo katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki mwaka 1947. D. L. Jennings, aliyeiendeleza baada yake, akaandika mwaka 1957. Kufikia urejeshaji wa tatu walikuwa wamepata miche yenye mizizi ya kuliwa na yenye kuhimili batobato, na mingine ikahimili pia michirizi ya kahawia. Mmoja wao ulipewa namba 46106/27. Naomba msomaji aikumbuke namba hiyo, itarudi.

Makala hizo zimetiwa sahihi na Storey, Nichols na Jennings. Waliovika maua vifuko, waliochimba mizizi, waliomwagilia vitalu, na bila shaka waliojua kwa kutazama tu mche upi ni mgonjwa kabla jani halijaonyesha, hawamo. Sisi wanafunzi wa historia tumezoea kulalamika juu ya jambo hili, halafu tunaendelea kuandika majina yaleyale matatu, kama ninavyofanya hapa. Sina njia ya kuwarudishia majina kutokana na makala zilizochapishwa. Ninachoweza kusema ni kwamba kazi ya kuchavusha maua kwa mkono, moja baada ya jingine, kwa misimu ishirini, haikufanywa na watu watatu.

Mpango wa Amani ulimalizika mwaka 1957. Utafiti wa Afrika Mashariki ulikuwa umeshahamishiwa Muguga, Kenya, na macho ya wakubwa yalikuwa kwingine. Aina za Amani zilikuwa zimegawiwa kwenye vituo vya nchi mbalimbali kwa majaribio, lakini hazikuwa zimebadilisha mashamba ya wengi. Kama mtu angeandika historia ya mpango huo mwaka 1960, angeweza kuuita mpango ulioshindwa, na angekuwa na haki.

Kilichouokoa ni mfuko wa mbegu. Mwaka 1956 mbegu kutoka Amani zilipelekwa Nigeria, kwenye kituo cha Moor Plantation, Ibadan. Kwa nini mbegu na si vijiti? Kwa sababu watafiti walijua kwamba virusi hivi husafiri kwenye kijiti na waliamini kwamba havipiti kwenye mbegu. Kupeleka vijiti vya Afrika Mashariki Nigeria kungekuwa kupeleka michirizi ya kahawia upande usioijua. Mbegu ilikuwa namna ya kutuma kinga bila kutuma maradhi. Gharama yake ni kwamba waliopokea hawakupokea aina iliyokwisha chaguliwa, bali watoto ambao hawajulikani, na uchaguzi ulianza upya. Wanigeria waliziotesha, wakachuja, na mmoja wa miche waliobaki nayo wakaupa namba 58308.

Muhogo wa 58308 haukuwa mzuri wa kula wala wa kuzaa. Ulikuwa na kitu kimoja tu, hauugui batobato kwa urahisi. Taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, IITA, ilipoanzishwa Ibadan mwaka 1967 na kumwajiri Sang Ki Hahn, mtafiti kutoka Korea, mwanzoni mwa miaka ya 1970, huyu aliuona na kuufanya mzazi. Aliuchavusha na mihogo ya Afrika Magharibi na ya Brazili, akaotesha mbegu kwa wingi ambao Amani wasingeuota, na kutoka katika vitalu hivyo zikatoka aina zilizopewa herufi TMS. Iliyopata sifa kubwa ni TMS 30572. Wakulima wa Nigeria walimpenda Hahn hata akatawazwa chifu. IITA iligawa kazi yake kwa nchi nyingine za Afrika, mara nyingi tena kwa njia ya mbegu, na pia kwa miche midogo iliyokuzwa ndani ya chupa.

Sasa nirudi kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato ya ukali usiowahi kuonekana ilizuka kaskazini ya kati ya Uganda, upande wa Luwero, ikaanza kushuka na kupanuka. Iliendelea kwa mwendo wa kilomita 20 hadi 30 kwa mwaka, kama jeshi lisilo na haraka. Mwaka 1997 watafiti waligundua sababu: aina mbili za virusi, ya Kiafrika kwa jumla na ya Afrika Mashariki, zilikuwa zimekutana ndani ya mmea mmoja zikabadilishana vipande, zikazaa kirusi kipya. Kirusi kilikuwa kimefanya uchotara wake, bila kungoja miezi mitatu wala kuvikwa kifuko.

Kwa Teso pigo hili lilikuja juu ya mapigo mengine. Watesoti ni wafugaji na walimaji wa ulezi, wenye kulima kwa ng'ombe. Katika miaka ya 1980 uvamizi wa wezi wa mifugo kutoka Karamoja na kisha vita vya uasi vilimaliza ng'ombe katika vijiji vingi. Mtu asiye na ng'ombe wa kukokota jembe analima kwa mkono, na kwa jembe la mkono muhogo ndio unaomhurumia. Basi tuliegemea muhogo wakati uleule ambapo muhogo ulikuwa unakaribia kuanguka. Mama yangu, aliyekuwa msichana wakati huo, anasema hawakuuita ugonjwa kwanza. Walidhani ardhi imechoka. Walihamisha shamba, wakapanda upya kwa vijiti vya shamba la zamani. Anakumbuka unga wa muhogo ukitoweka katika atap, sima yetu, na anakumbuka watu wakichimba mizizi myembamba kama kidole na kuipika hivyohivyo. Kuna waliokufa kwa njaa Teso katika miaka hiyo. Huo ndio uzito ninaouweka kwenye mizani ninapoulizwa kama historia ya mbegu ni jambo la kuandikia insha.

Katika kituo cha Namulonge, chini ya uongozi wa G. W. Otim-Nape, Uganda ilikuwa imekwisha jaribu aina za IITA. Mapema katika miaka ya 1990 zilitolewa kwa wakulima kwa majina ya Nase 1, Nase 2 na Nase 3. Hiyo ya tatu, ambayo wengi huiita Migyera, ndiyo TMS 30572. Ziligawiwa kwa vijiti, magunia kwa magunia, kupitia shule, makanisa, vikundi vya akina mama na mashirika ya misaada, na kila aliyepokea alitakiwa kumpa jirani. Kufikia mwisho wa muongo huo muhogo ulikuwa umerudi Teso. Mkulima wa Kumi aliyebeba fimbo za Migyera kwenye baiskeli alikuwa amebeba mti wa mpira wa walowezi wa Tanga, uliopita Amani, Ibadan na Namulonge, na katika kila kituo kati ya hivyo viwili vya kwanza ulipita ndani ya mbegu.

Sitaki kuitia historia hii chumvi. Si kinga yote iliyotoka Amani. Baadhi ya aina zilizotusaidia sana baadaye, kama TME 204, zina asili ya mashamba ya wakulima wa Afrika Magharibi, na kinga yao ni ya aina nyingine. Ilitokeaje? Siwezi kuthibitisha kwa kila aina, lakini kuna jambo linalojulikana kutoka Guyana, Amerika ya Kusini. Wakulima wa kabila la Makushi, ambao nao hupanda vijiti, huiacha miche inayoota yenyewe kutokana na mbegu zilizolala ardhini. Wanapopalilia huikwepa, huitazama inavyokua, na ukipendeza mche mmoja hukata vijiti vyake na kuuingiza katika mihogo ya nyumba. Yaani jambo ambalo Nichols alifanya kwa vifuko na lebo, wao hulifanya kwa jicho na subira. Naamini mihogo yetu ya Afrika yenye majina ya vijiji na ya watu haikutoka yote kwenye meli za Wareno. Mingi lazima iliota hapahapa, mtu akaiona, akaihurumia.

Wala ushindi wa Nase haukudumu. Mwaka 2004 michirizi ya kahawia, ambayo vitabu vyote vilisema ni ugonjwa wa pwani na wa nchi za chini, ilionekana Uganda katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,000, ikaenea. TME 204, iliyokuwa kipenzi cha wakulima kwa sababu haikuugua batobato, ilioza mizizi. Ilikuwa imechaguliwa dhidi ya adui mmoja, na adui wa pili aliingia kwa mlango wa nyuma. Nilipolisoma jambo hili nilishangaa, kwa kuwa Storey aliyajua magonjwa yote mawili, na Amani walichuja miche yao dhidi ya yote mawili tangu miaka ya 1930. Ibadan, ambako michirizi haikuwepo, hakukuwa na sababu ya kuchuja dhidi yake. Mbegu zilipovuka bara, nusu moja ya kazi ilibaki nyuma.

Ilibaki wapi? Hapa inarudi namba 46106/27. Taasisi ilikuwa imefunga mpango wake, lakini wakulima hawakuwa na habari ya kufungwa kwake. Muhogo ule ulikuwa umetoka kwenye mashamba ya majaribio ukaingia kwenye mashamba ya watu, kijiti kwa kijiti, ukapoteza namba na kupata majina. Kwenye pwani ya Kenya waliuita Kaleso. Kusini mwa Tanzania uko muhogo unaoitwa Namikonga, ambao uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa ni uleule au karibu uleule. Watafiti waliokwenda kutafuta mihogo isiyooza kwa michirizi waliukuta kwa wakulima ambao walikuwa wameutunza kwa sababu yao wenyewe: mizizi yake ilikuwa safi siku ya kung'oa. Mwaka 2016 uchunguzi wa jenomu ya muhogo ulipochapishwa, vipande vya mti wa mpira wa Ceara vilionekana wazi ndani ya Namikonga na ndani ya aina za TMS, vimekaa mahali vilipowekwa Amani kwa vifuko na lebo.

Namikonga si muhogo kamili. Hauzai sana, na batobato huusumbua kuliko aina za TMS. Kwa hiyo watafiti wa Tanzania wameufanya kama babu zake walivyofanywa. Wameuchavusha na Albert, muhogo ambao mizizi yake huoza vibaya kwa michirizi, wakavika matunda vifuko, wakavuna mbegu za kijivu zenye madoadoa, wakaotesha mamia ya ndugu wasiofanana, kisha wakawapanda Naliendele na Chambezi, mahali palipojaa ugonjwa, ili waone nani atabaki.